Kufuli Juu ya Maji ya Ubatizo

Asubuhi hii twataka kuzungumza habari za jiwe.

Sisi watu wa Kisii na Nyamira hatuhitaji kufundishwa sana juu ya mawe. Jiwe letu la Tabaka limekwenda nchi nyingi, likiwa vikombe, sahani, viboko na tembo wa mezani. Twajua kwamba likitoka machimboni ni laini hata kisu hulikata. Twajua kwamba mchongaji hulilowesha maji anapolisugua kwa msasa, na kwamba rangi yake, iwe nyeupe, ya waridi au ya kijivu, hutokea vizuri baada ya kuoshwa na kupakwa nta. Kwa hiyo tukiwasimulia habari za mchongaji wa zamani sana, mtamwelewa upesi kuliko watu wengi.

Jina lake Richard. Aliishi kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 12. Katika kanisa la kijiji cha Bridekirk bado lipo birika la ubatizo linalosemwa kuwa kazi yake, yaani jiwe kubwa lililochimbwa shimo la kutilia maji. Upande mmoja umechongwa Bwana Yesu akibatizwa. Upande mwingine yupo fundi mwenyewe, ameshika nyundo na patasi, na maandishi ya herufi za kale yanataja jina lake. Huenda mtu akasema ni majivuno. Sisi twafurahi kwamba kwa mara moja fundi wa mawe anajulikana kwa jina, maana mafundi wengi husahauliwa.

Mabirika ya namna hiyo yalikuwa katika kila parokia ya Uingereza. Yalikuwa mapana, kwa sababu watoto walizamishwa, na kwa kawaida yaliwekwa karibu na mlango, kuonyesha kwamba mtu huingia kanisani kwa ubatizo. Ndani yake yalifunikwa kwa bati la risasi ili maji yasipenye. Maji yakiisha kubarikiwa yaliachwa humo siku nyingi.

Hapo ndipo shida ilipoingia. Watu walikuwa wakiyaiba maji yale na kuyatumia kwa uchawi. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, akaagiza kwamba mabirika yote yawe na kifuniko na kufuli. Hata leo ukiyatazama mengi ya mabirika hayo utaona ukingo umemeguka mahali pale vyuma vya kufuli vilipokuwa.

Tulipotafakari habari hii tulijiuliza: mwizi wa maji alikuwa nani? Karibu kila mtu katika kijiji cha Uingereza wakati ule alikuwa amebatizwa. Basi aliyekuja usiku na kibuyu chake alikuwa amewahi kubebwa akiwa mtoto mpaka kwenye jiwe lile lile. Alipewa maji yale bure mchana, mbele ya mashahidi, kisha akayarudia gizani kwa sababu ya hofu, au kwa sababu ya chuki juu ya jirani. Kufuli liliweza kuuzuia mkono wake tu.

Miaka 400 baadaye Waingereza walijaribu dawa nyingine. Mwaka 1644 Bunge liliamuru mabirika yaondolewe, kwa kuwa yalihesabiwa kuwa masalio ya ushirikina. Mengine yalitupwa uani yakawa ya kunyweshea mifugo. Na je, ushirikina ulikwisha? Mwaka 1645, katika wilaya za mashariki mwa nchi hiyo hiyo, mtu aitwaye Matthew Hopkins alianza kuzunguka vijijini akitafuta wachawi. Kabla ya mwaka 1647 kwisha, watu wapatao mia moja au zaidi, wengi wao wanawake, walikuwa wamenyongwa. Jiwe lilitolewa nje, hofu ikabaki ndani.

Sasa tugeuke kwetu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Sweden walifika Itierio mwaka 1948, na wengi wetu tulibatizwa kwa maji ya bakuli. Wengine wetu tulizamishwa mtoni, nguo nyeupe mwilini, kwaya ikiimba ukingoni. Juu ya wingi wa maji tumebishana vya kutosha. Leo tuliache neno hilo.

Mwezi wa Mei 2008, huku Kisii, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hata kufa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa shutuma hiyo hiyo. Hizi ni kaunti ambazo kila kilima kina kanisa. Je, twaweza kusimama mbele za Mungu na kusema kwamba katika makundi yale hapakuwa na hata mmoja aliyebatizwa?

Nasi twajua jinsi jambo lenyewe linavyoanza. Mtoto anaugua ghafula. Ng'ombe anakufa. Badala ya kuuliza ni ugonjwa gani, twauliza ni nani. Jina la mama mjane aishiye peke yake linanong'onwa kisimani, kisha sokoni, kisha, Bwana atuhurumie, kwenye mkutano wa maombi. Mara nyingi nyuma ya mnong'ono huo kuna kipande cha shamba ambacho mtu anakitamani. Na yule anayenong'ona ana hirizi mfukoni, aliyoinunua kwa mganga mwezi uliopita.

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 19. Huko Efeso watu waliamini wakabatizwa. Kisha wengi wa hao walioamini wakaja kuungama mambo yao. Wakaleta vitabu vya uganga wakavichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Kama kipande kimoja kilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama wengi wanavyofikiri, basi mtu mmoja angefanya kazi zaidi ya miaka 160 ili kuipata fedha hiyo. Hazina kubwa namna hiyo ilikuwa imefichwa nyumbani mwa waumini! Nanyi angalieni sana ni nini kilichochomwa. Kila mtu alileta vitu vyake mwenyewe. Hakuna aliyeelekeza kidole kwenye nyumba ya jirani, wala bibi kizee hakuburutwa mpaka uwanjani.

Wazee wa kanisa, twasema nanyi hasa. Katika mtaa wenu huenda yupo omong'ina ambaye watu wameanza kumpita mbali njiani. Msingoje mpaka polisi waitwe. Nendeni kwake juma hili, wawili au watatu, mchana, kwa njia ile ambayo watu wote watawaona. Ketini barazani pake. Ombeni pamoja naye, ulizeni habari za shamba lake na za watoto wake, na chai atakayowapa mnywe.

Somo la kesho, Mungu akitujalia, ni Matendo 8, habari za yule towashi Mkushi aliyeona maji kando ya njia.