Kidudu cha seli moja na maji ya kunywa

Leo nimeombwa niseme juu ya vidudu vya maji. Hilo neno "vidudu" linatusumbua, maana tunaita hivyo kila kitu kisichoonekana, halafu tunataka dawa moja iviue vyote.

Mwili wako umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo sana zenye uhai, matrilioni kwa matrilioni, nazo zimegawana kazi: za ngozi zinakinga, za damu zinabeba hewa. Sasa kuna viumbe ambao mwili wao wote ni seli moja tu. Hiyo moja inakula, inatoa uchafu, na ikikomaa inajigawa ikawa mbili. Ni kama kikundi chenye mwanachama mmoja, yeye mwenyekiti, yeye karani, yeye mweka hazina! Si wote ni adui. Hamira ya mandazi ni wa namna hiyo.

Lakini hawafanani. Bakteria, kama wale wa kipindupindu na homa ya matumbo, ni wadogo zaidi na seli yao haina kiini. Amiba ni mkubwa kuliko wao na ana kiini, kama seli zetu. Vivyo hivyo yule wa malaria, ambaye daktari Mfaransa Laveran alimwona katika damu ya askari huko Algeria mwaka 1880. Dawa nyingi za bakteria hupiga sehemu ambazo amiba hana. Kwa hiyo ukihara damu, usikimbilie dukani kununua kapsuli za rangi mbili. Nenda zahanati choo kipimwe, kwa sababu kuhara damu huletwa na bakteria pia.

Amiba ana ujanja mwingine. Wengine wakitoka na choo huwa wamejifunga ndani ya ganda, wakatulia kwenye maji au udongo wenye unyevu siku nyingi. Dawa ya klorini tunayotia mtungini huua bakteria vizuri, lakini ganda lile huistahimili. Moto ndio unaoliweza: maji yatokote dakika 1. Wanaokaa juu ya mita 2,000, kama Kinangop, wangoje dakika 3, kwani huko maji huchemka kabla ya kufikia joto la maji ya pwani.

Najua mtauliza, kuni zitatoka wapi? Basi chemsheni ya kunywa peke yake, ya watoto kwanza. Na choo kisichimbwe upande wa juu wa kisima, maana amiba huyu hutoka kwenye kinyesi cha mtu.