Je, Ubora wa Mtu Umo Katika Damu?



Hapa Bukoba na Muleba bado husikika maneno haya: “Yule ni Mhinda, tazama pua yake, huyu ni Mwairu, hata kimo chake chasema.” Je, tofauti hiyo imo katika damu, au tumeibuni wenyewe?

Tuanzie karibu. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alikaribishwa Karagwe na Mfalme Rumanyika. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alidai kwamba watawala wa nchi hizi ni uzao bora uliotoka Ethiopia. Hakupima damu ya mtu yeyote. Hata hivyo, dhana hiyo iliingia katika vitabu vya wakoloni, na twakiri kwamba hata watu wa Kanisa waliieneza. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika katika vitambulisho vya Rwanda: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumika vizuizini kuchagua wa kuuawa. Mwezi Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu.

Sayansi yatuambia nini? Watu wawili wowote duniani hufanana katika chembe za urithi kwa karibu asilimia 99.9. Rangi ya ngozi hufuata ukali wa jua. Selimundu iliyoko kwetu iko pia India na Ugiriki, kwa maana hufuata nyayo za malaria, wala haiulizi kabila. Kilichowatenga Mhinda na Mwairu ni utawala na ardhi: nyarubanja ilimpa mmoja kodi, na mwingine ikamwachia jembe.

Lakini tusiseme kwamba jambo lililobuniwa halina nguvu. Mwaka 2013, katika operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu mkoani Kagera, familia zilitenganishwa. Tujiulize katika dhamiri zetu: ni wangapi kati yetu tulimnyooshea jirani kidole kwa sababu ya sura yake?

Kilichojengwa na watu chaweza kubomolewa na watu. Tuanzie nyumbani. Kijana anapoleta posa, nasi tukaketi kumchunguza, tuulize tabia yake na bidii yake. Pua yake tumwachie Mungu aliyeiumba.