Tufe Lataka Mwalimu



Tufe halirushwi kama jiwe la kuangushia embe. Husukumwa kutoka shingoni, ndani ya duara lenye upana wa mita 2.135. Asiyefunzwa huumia bega. Zaidi akikabidhiwa tufe la wanaume, kilo 7.26, ilhali walio chini ya miaka 18 hutumia kilo 5, na wasichana kilo 3.

Duara la saruji si gharama kubwa. Adimu ni mwalimu. Huko Marekani, Reese Hoffa, bingwa wa dunia wa mwaka 2007, alianzisha chuo cha kuwafunza watupaji katika jimbo la Georgia. Watupaji hodari wa Unguja na Pemba nao wanaweza kujumuika na kuzigawana skuli. Aliyewahi kutupa tufe mashindanoni na amwone sheha wake. Na mbuzi, tafadhali, wafungwe mbali na uwanja.