Tupime Kipimo Kabla ya Kupimia

(Hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi wakati wa kufunga mafunzo ya mafundi wa vifaa tiba)



Tunaanza kwa kukiri kosa letu. Hospitali moja ilituletea mashine ya kusukuma dripu. Tuliunganisha osiloskopu kwenye bodi ili tuone mapigo ya umeme yanayozungusha mota. Kioo kikabaki kitupu. Tukasema bodi imekufa, tukaagiza nyingine kwa fedha za mradi. Bodi mpya ilipofika, nayo ikaonekana imekufa! Ndipo tukatambua kuwa mgonjwa ni kipimo chetu: triga yake haikushika. Wakati wote huo wauguzi walihesabu matone kwa saa ya mkononi.

Triga ndiyo inayoiambia osiloskopu ianze kuchora lini. Tektronix 511, iliyotoka Marekani mwaka 1947, ilijipatia sifa kwa jambo hilo. Triga ikikosea, fundi hodari naye atakosea.

Wengine watasema osiloskopu ina tundu lake la kujipimia. Ni kweli, lakini mganga hajigangi. Tundu lile hutoa wimbi la aina moja tu. Jenereta ya mapigo hutuwezesha kubadili upana, kimo na wingi wa mapigo tupendavyo.

Tufanye hivi. Tuweke mapigo 1,000 kwa sekunde, upana mikrosekunde 100, kutoka volti 0 hadi 2. Upande wa osiloskopu tufunge kizuizi cha omu 50. Bila hicho, jenereta nyingi zitaonyesha volti 4, nasi tutalaumu kipimo bure.

Kwanza, kimo cha triga. Kikiwa volti 1, picha itulie. Tukipandishe kupita volti 2: kwenye hali ya kawaida uchoraji ukome, kwenye hali ya kujiendesha picha ianze kukimbia. Picha ikiendelea kutulia, kitufe kinatudanganya.

Pili, ukingo. Tukichagua wa kupanda, picha ianzie pigo linapopanda. Tukichagua wa kushuka, ianzie linaposhuka.

Tatu, upana, kwa osiloskopu zenye uwezo huo. Tuiagize ishike mapigo yasiyofika mikrosekunde 50. La 100 lipite bila kushikwa. Tukilipunguza hadi 40, lishikwe.

Nne, na hapa ndipo tulipoanguka: mapigo ya nadra. Tupunguze hadi pigo moja kila sekunde mbili. Hali ya kujiendesha haina subira, itachora mstari mtupu. Hali ya kawaida ingoje na kushika kila pigo. Mwisho, hali ya mara moja: tubonyeze jenereta kwa mkono, pigo moja, picha moja.

Kazi hii haifiki nusu saa. Kuanzia leo, kila osiloskopu inayoingia karakana zetu, iwe imenunuliwa au ni zawadi ya marafiki, itapimwa hivi kwanza, na majibu yataandikwa kwenye kadi yake. Zawadi tunaipokea kwa shukrani, lakini shukrani haizuii kuikagua.

Ndugu mafundi, muuguzi hataiona triga hata siku moja. Ataona tu kama mashine yake imerudi wodini. Tusimcheleweshe tena.