Skrini Moja, Padi Mbili: Jinsi Michezo ya Video Ilivyoacha Kuchezwa Pamoja

Kipindi cha leo kinachunguza kupungua kwa michezo ya video inayochezwa na watu wawili au zaidi mbele ya televisheni moja, na kinafanya hivyo kwa kuutazama mji wa Kakamega, hasa wadi ya Shieywe katika eneo bunge la Lurambi. Katika miji ya Kenya ya aina hiyo, mashine za michezo zilienea kama biashara ya kibandani kabla ya kuwa chombo cha nyumbani, na kwa sababu hiyo historia yake haiwezi kueleweka kwa kufuata tu maendeleo ya kiufundi ya Japani na Marekani. Lazima ifuatwe pia kwa kuuliza nani alimiliki mashine, nani alilipa, na alilipia nini hasa.

Kwanza ni vyema kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Skrini ya pamoja ni ile ambamo wachezaji wote huona picha moja, kama ilivyokuwa katika Pong, mchezo uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972, ambao kwa asili yake ulihitaji watu wawili. Skrini iliyogawanywa ni ile inayokatwa vipande viwili au vinne, kila mchezaji akipewa kipande chake, kwa sababu katika mbio za magari au katika mapigano ya risasi kila mmoja huwa mahali tofauti na huhitaji kuona njia yake mwenyewe. Kuanguka kulikotokea baadaye kuliigusa zaidi aina hii ya pili, na tofauti hiyo ndiyo itakayoeleza kwa nini vibanda vya Kakamega havikufa pamoja nayo.

Skrini iliyogawanywa ilifikia kilele chake katika miaka ya 1990. Nintendo 64, iliyotolewa mwaka 1996, ilikuwa na matundu manne ya kuchomeka padi, yaani vidhibiti vinavyoshikwa mkononi, na mwaka uliofuata mchezo wa GoldenEye 007, uliotengenezwa na studio ya Uingereza iitwayo Rare, uliwawezesha watu wanne kuwindana kwenye televisheni moja, kila mmoja akiwa na robo yake ya kioo na kishawishi cha kuchungulia robo ya mwenzake. Mashine iliyotawala baadaye katika vibanda vya Kenya ilikuwa PlayStation 2, iliyozinduliwa Japani mwaka 2000, ambayo ilikuwa na matundu mawili tu. Hata hivyo michezo yake mingi, ukiwemo ule wa magari wa Need for Speed: Underground wa mwaka 2003, iliigawa skrini kwa wachezaji wawili bila tatizo.

Kilichofuata kilikuwa na sababu tatu zilizosaidiana. Ya kwanza ni mtandao: kampuni ya Microsoft ilianzisha huduma ya Xbox Live mwezi Novemba mwaka 2002, na tangu hapo mpinzani aliweza kuwa katika nyumba nyingine au nchi nyingine. Ya pili ni ya kiufundi, kwa kuwa skrini ikigawanywa mara mbili, mashine hulazimika kuchora ulimwengu wa mchezo kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, na kadiri picha zilivyozidi kuwa za kina ndivyo mzigo huo ulivyozidi kuwa mkubwa. Studio ya 343 Industries ilipotoa mchezo wa Halo 5 mwaka 2015 bila skrini iliyogawanywa, ilieleza kuwa lengo lake lilikuwa kufikia picha 60 kwa kila sekunde. Ya tatu ni ya kibiashara, nayo ndiyo yenye uzito zaidi. Marafiki wawili waliokaa kwenye benchi moja walihitaji mashine moja na diski moja, lakini marafiki hao hao wakikutana mtandaoni kupitia PlayStation 4, iliyotolewa mwaka 2013, kwa kawaida walihitaji mashine mbili, televisheni mbili, nakala mbili za mchezo na malipo mawili ya usajili wa PlayStation Plus. Ni kinaya cha kipindi hicho kwamba kampuni zilikuwa radhi kuikata vipande vinne televisheni ndogo ya sebuleni, kisha zikaacha kufanya hivyo wakati ule ule televisheni zilipokuwa zikipanuka.

Hesabu hiyo ya kila mtu na mashine yake haikulingana na hali ya Shieywe. Katika miji ya Kenya, mwenye kibanda hununua mashine, televisheni na padi ya pili, hulipia umeme kwa tokeni, kisha huuza mchezo kwa mechi au kwa dakika kwa shilingi chache ambazo kijana wa shule, mhudumu wa bodaboda au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro anaweza kuzipata. Desturi iliyoenea ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipa au anayeachia padi, na wanaosubiri zamu huwa watazamaji, waamuzi na wachochezi kwa pamoja. PlayStation 2 nyingi zilitiwa chipu, yaani kifaa kidogo kilichoziwezesha kusoma diski zilizonakiliwa, na Sony ilipokomesha utengenezaji wa mashine hiyo mwanzoni mwa mwaka 2013, vibanda viliendelea kuitumia kwa miaka mingine.

Mashine mpya zilipowasili, tatizo lilijitokeza katika orodha ya michezo. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ilimruhusu mtu wa pili kuchomeka padi na kuingia mtaani katika sehemu maalumu za mchezo, lakini Grand Theft Auto V ya mwaka 2013 haina nafasi yoyote ya padi ya pili; vivyo hivyo, Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2012 haikuwa na skrini iliyogawanywa. Kwa mwenye kibanda, mchezo wa mtu mmoja una maana ya mteja mmoja kwenye kiti kilichojengwa kwa ajili ya wawili. Iliyobaki na faida ni michezo isiyohitaji kukata kioo: ile ya kupigana kama Tekken na Mortal Kombat, na zaidi ya yote kandanda, ambamo uwanja ni mmoja, mpira ni mmoja na kamera ni moja. Katika mji wenye uwanja wa Bukhungu na klabu ya Kakamega Homeboyz, soko la kandanda halikuhitaji kutafutwa. Kwa hiyo mchezo wa FIFA, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC, ndio uliokiokoa kibanda, ingawa ulikiokoa kwa kukipunguzia aina za michezo.

Tishio la sasa linatoka kwenye simu. Baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 na simu za kisasa kushuka bei, michezo kama Call of Duty: Mobile ya mwaka 2019 iliwapa vijana uwanja usiolipiwa mlangoni, ijapokuwa hulipiwa kwa bando za intaneti. Wakati huo huo, diski ambayo iliweza kuazimwa au kuuzwa tena inauachia nafasi upakuaji unaofungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja. PlayStation 5 ya mwaka 2020 ilitolewa pia katika toleo lisilo na tundu la diski kabisa.

Dalili za kinyume zipo. Studio ya Hazelight ya Uswidi ilitoa It Takes Two mwaka 2021, mchezo usioweza kuchezwa na mtu mmoja, nao ukashinda tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards. Mwaka 2025 studio hiyo ikatoa Split Fiction kwa msingi ule ule. Mafanikio hayo yanadokeza kwamba skrini iliyogawanywa haikuachwa kwa sababu watu waliichoka, bali zaidi kwa sababu iliuza nakala moja pale ambapo kampuni zilitaka kuuza mbili.

Wasikilizaji waliowahi kuendesha vibanda hivyo mjini Kakamega wanaombwa kuhifadhi mashine, diski na daftari zao za hesabu, na wanafunzi wa historia wanahimizwa kuwahoji mapema, kwa kuwa biashara iliyoendeshwa kwa sarafu huacha maandishi machache.