Nyuma ya Vioo Vidogo

Jioni ya leo twapenda kusema nanyi juu ya kazi ndogo sana, hata wengine wataicheka: kupaka rangi fremu za vioo vya ndege za plastiki, zile zinazouzwa vipande vipande katika kisanduku, mtu akaziunganisha mwenyewe kwa gundi. Huko Uingereza wengi waliizoea kazi hii tangu mwaka 1953, kampuni ya Airfix ilipotoa Spitfire yake ndogo ya kipimo cha 1 kwa 72. Sisi nasi twaipenda, na mara nyingi, tukiisha kuwatembelea wagonjwa, twamaliza siku kwa brashi na wembe.

Mezani petu sasa ipo Heinkel 111, ndege ya Kijerumani ya kutupa mabomu. Ile ya kweli, toka ncha ya bawa hata ncha ya bawa, ilikuwa na mita 22 na zaidi. Yetu ina sentimita 31. Pua yake yote ni vioo vilivyoshikwa na fito za chuma, kama tenga. Fremu yenye upana wa sentimita 3, ukiigawanya kwa 72, haifiki nusu milimita. Mkono uliotoka sasa hivi kushika usukani katika barabara ya mashimo hauiwezi. Yafaa kunywa chai kwanza.

Basi hufanywa hivi. Kioo huoshwa kwa maji ya sabuni, kikaachwa kikauke. Kila kidirisha hufunikwa kwa utepe mwembamba wa gundi, ukakatwa kwa wembe mpya kufuata ukingo wa fremu, na kukandamizwa kwa kijiti cha meno ili rangi isipenye. Rangi ya kwanza ni ile ya ndani ya chumba cha rubani, kwa maana ndiyo itakayoonekana ukichungulia kupitia kioo; ya nje hufuata juu yake, nyepesi, mara mbili au tatu. Wengine hupaka rangi utepe wenyewe, wakaukata uzi uzi, wakaubandika mahali pa fremu; kwa fito zilizonyoka njia hiyo ni njema kuliko brashi. Na gundi ile kali ya kushika mara moja isikaribie hapa! Moshi wake hukifanya kioo kuwa na ukungu. Tumia gundi nyeupe ya maji.

Ndege za namna hii zilikuwamo katika kundi lililoushambulia mji wa Coventry usiku wa tarehe 14 Novemba, 1940. Watu zaidi ya 500 waliuawa. Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli, la Kianglikana kama letu, liliteketea zikabaki kuta. Misumari ya kale ya paa lake iliunganishwa ikawa msalaba. Baadaye mkuu wa kanisa hilo, Richard Howard, aliagiza maneno yaandikwe ukutani nyuma ya altare, yakimwomba Baba asamehe. Hayakutaja asamehewe nani. Halikutiwa neno la kuwaonyesha adui.

Mzee mmoja wa kanisa, tulipomsimulia hayo, aliitazama ndege akatuuliza, "Mchungaji, mbona wawapambia madirisha watu hao waliochoma nyumba ya Mungu?"

Ni swali la haki, wala hatukulicheka. Tulimwambia hivi: fremu zikipakwa ovyo, kioo huchafuka, na ndege hubaki chombo cha vita tu, hakina mtu. Zikinyoka, kioo hubaki safi, nawe waona viti. Hapo ndipo yatupasa kukiri kwamba mlikuwamo vijana, kwa kawaida watano, kila mmoja ana mama yake, na kwamba ndio hao hao waliofungua mabomu juu ya mama za wengine. Kuyashika yote mawili pamoja ni kugumu. Ni rahisi zaidi kupaka kioo cheusi.

Mzee hakujibu neno. Alivaa miwani yake, akainama, akachungulia ndani ya pua ile kwa muda mrefu. Kisha akauliza rubani alikaa upande gani. Tukamwonyesha, wa kushoto. Na mwenye kulenga mabomu alilala kifudifudi mbele, karibu kabisa na kioo.