Beni katika Njia ya Misafara: Vijana wa Tabora na Lugha ya Mashindano



Historia ya Kiswahili cha bara, kama inavyosimuliwa katika vitabu vingi vya kiada, ina wahusika wanne: mfanyabiashara, mmisionari, mtawala na mwalimu. Wa kwanza aliileta lugha kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, wa pili akaiandika, wa tatu akaitumia ofisini, na wa nne akaisanifisha. Masimulizi haya si ya uongo. Upungufu wake ni kwamba yanamwacha nje kijana asiye na cheo, ambaye jioni, kazi ikiisha, alivaa sare ya kubuni, akajipanga mstarini pamoja na wenzake, akaimba. Huyo ndiye ninayekusudia kumzungumzia leo, na onyesho lake ni beni.

Wanafunzi wengi siku hizi wakisikia neno hilo hufikiria matarumbeta ya harusi. Beni ya awali ilikuwa jambo kubwa zaidi. Ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, hususan Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, na jina lake linatokana na bendi za kijeshi za Wazungu. Lakini bendi ilikuwa sehemu moja tu. Ndani ya jioni moja mtazamaji aliona gwaride, dansi ya mistari, maigizo ya mabwana wakubwa, kejeli, na nyimbo za kuwasuta wapinzani. Kisha ikafuata karamu. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake na hata daktari wake, ilhali mchana wote hao walikuwa makarani wadogo, matopasi, askari, wapishi na vibarua. Hakuna aliyelipwa. Kinyume chake, wanachama ndio waliochanga, na michango hiyo iligharimia pia maziko ya mwenzao aliyefia ugenini. Kwa kipimo chochote, onyesho la ridhaa lililodumu zaidi ya nusu karne, likirithiwa na kizazi baada ya kizazi cha vijana, linastahili nafasi katika masomo yetu.

Terence Ranger aliliandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975, na kila anayelitafiti suala hili ana deni kwake. Ranger, hata hivyo, alikuwa mwanahistoria. Aliuliza beni inatuambia nini kuhusu siasa na matabaka. Sisi wa taaluma za Kiswahili tuna swali la ziada: kwa nini kijana wa Kinyamwezi au wa Kimanyema, mwenye lugha yake tamu na nyimbo zake za kazi, achague kutukana na kutukanwa kwa Kiswahili?

Ili kulijibu swali hili ni lazima tuitazame njia yenyewe. Kabla ya reli, safari ya kutoka pwani hadi Unyanyembe ilikuwa ya miguu, na uti wa mgongo wake alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi. Steven Rockel, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006, ameonyesha kuwa wapagazi hawa hawakuwa mifugo ya kubebeshwa mizigo. Walikuwa wafanyakazi wenye desturi zao na fahari yao. Kirongozi alitangulia akiwa amejipamba, pembe ikilia na ngoma ikimfuata. Msafara ulipokaribia mji, watu walijirembesha na kuingia kwa kishindo ili waonekane. Nasisitiza neno hilo, waonekane. Maonyesho ya mstari wa watu waliovaa vizuri, wakienda kwa mdundo mbele ya umati, hayakuwa mageni Tabora siku beni ilipofika. Wale wanaosema beni ilikuwa uigaji mtupu wa Wazungu wamesahau kwamba barabara ile ilikuwa na gwaride lake kabla ya Mzungu kuleta la kwake.

Tena njia hiyo ilikuwa imezaa utani. Wanyamwezi na watu wa Mrima, Wazaramo miongoni mwao, walikuwa watani, na utani huo unaelezwa kuwa mazao ya safari na makambi. Mtani ana ruhusa ya kukudhihaki, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Upande wa Usukuma nako vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vilikuwa vimeshagawana vijana na kushindania watazamaji kwa nyimbo na dawa. Kwa hiyo mambo mawili yanayodhaniwa kuwa ya pwani, yaani kugawana pande mbili na kushindana kwa maneno, bara ilikuwa nayo. Kilichokosekana kilikuwa lugha moja ambayo tusi likirushwa litatua kwa wote waliopo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita vikaingia mwaka huohuo, na mwezi Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur yaliutwaa mji wa Tabora. Fikirini mchanganyiko wa watu waliopita hapo katika miaka hiyo michache: askari wa Mjerumani, askari kutoka Kongo, wapagazi wa majeshi kutoka kila pembe, mateka, wafanyakazi wa reli. Vita ndivyo vilivyoisambaza beni katika bara la Tanganyika. Vilipokwisha, vyama viwili, Marini na Arinoti, vilikuwa vimeenea katika miji ya nchi. Kwa jumla Marini ilijinasibisha na ustaarabu wa pwani na watu wenye kazi za kalamu. Arinoti ikawapokea watu wa bara na wa kazi za mikono. Mgawanyo huu haukuwa sawa kila mahali, lakini palipokuwa na chama kimoja, kingine hakikuwa mbali, kwani beni bila mpinzani ni mazoezi tu.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Mcheza beni wa Tabora, aghalabu, hakuwa kwao. Alikuwa mgeni katika mji wa wageni, na ili atunzwe ilimbidi aeleweke. Kejeli isiyoeleweka haina mshindi. Mtu anaweza kununua chumvi sokoni kwa maneno kumi na ishara za mikono. Hawezi kumsuta mpinzani mbele ya mji mzima kwa maneno kumi. Suto linadai mafumbo, vina, kumbukumbu ya lililosemwa wiki iliyopita, na wepesi wa kujibu. Biashara ilimpa kijana Kiswahili cha kumtosha. Mashindano yalimdai Kiswahili cha kumzidi mwenzake. Naamini tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya lugha ya mapatano kuwa lugha ya watu, na ilifanyika uwanjani, mbali na ubao wa mwalimu. Hata beni ilipovuka mipaka na kuingia Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ilisafiri na Kiswahili chake.

Msamiati nao unashuhudia. Maneno kama afande, lililokuja kwa njia ya jeshi kutoka Kituruki, gwaride, kuruta na tarumbeta yalikuwa ya kambini. Askari wangeweza kubaki nayo huko. Yalipovaliwa kwa mzaha na mpishi aliyejiita jenerali, yakawa ya mtaa. Sidai kwamba beni peke yake ndiyo iliyoyaeneza; nadai kwamba kamusi zetu, zinapoonyesha asili ya neno kwa kutaja Kiingereza au Kituruki na kuishia hapo, zinatuficha nusu ya safari yake.

Watawala hawakuipenda. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliichunguza beni kwa hofu kuwa ni mtandao wa siri, na ilipotokea migomo ya migodi ya shaba mwaka 1935 huko Rhodesia ya Kaskazini, jina la mbeni lilisikika mbele ya tume ya uchunguzi. Wazee na wasomi nao waliona uhuni na ubadhirifu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kipimo chake kilikuwa maandishi na shule, na mwimbaji wa uwanjani hakuwa na kiti mezani pale.

Pigo la mwisho, kwa maoni yangu, halikutoka kwa mkoloni. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba watu wetu walifundishwa ngoma za kigeni wakaziacha zao. Lengo lilikuwa jema na la lazima. Lakini kigezo cha asili kiliiacha beni bila makazi. Haikuwa ngoma ya kabila lolote, na dansi za magitaa zilikuwa zimekwisha kuichukulia vijana. Tabora Jazz ikaja kuwa na mashabiki wa namna ileile ambao zamani wangevaa sare ya Marini. Mganda wa kusini mwa Tanzania na malipenga ya Malawi, watoto wa beni, walinusurika kwa sababu walipata kijiji na kabila la kuwalea. Beni ya mjini ilikuwa mali ya wapita njia.

Waliocheza Tabora miaka ya 1920 wote wamefariki. Wapo bado wazee waliowasikia baba zao wakirudia masuto ya zamani kwa kicheko, na kila suto moja lililohifadhiwa ni sampuli ya Kiswahili cha bara ambacho hakikupita mikononi mwa mhariri yeyote. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada waanzie Tabora mjini, kisha waifuate reli hadi Ujiji, wakiwa na kinasa sauti na muda wa kutosha, na wasiombe nyimbo za beni kwanza. Waulize mzee wa upande wa pili alitukanwaje.